Kisukari na kitambi: "Mimi nakula dona tu" na maneno mengine ya mezani Mwanza

"Dona haipandishi sukari." Hili nalisikia kuliko yote, Kirumba sokoni hadi kwenye mabenchi ya kliniki, na linaumiza wengi kwa sababu nusu yake ni kweli. Dona husagwa pamoja na pumba na kiini, kwa hiyo ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe. Tumbo haliwezi kumeng'enya nyuzinyuzi. Baadhi yake huyeyuka na kuwa ute mzito unaochelewesha sukari kuingia kwenye damu, nyingine hushibisha na kulainisha choo. Ila dona bado ni wanga. Ukijiongezea ugali kwa kuwa "ni dona", sukari itapanda na kitambi hakitaondoka. Anza na sahani: nusu mboga kama mchicha, matembele au mlenda, robo ugali, robo samaki au jamii ya kunde.

"Basi nile ugali wa muhogo." Hapana. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, nyuzinyuzi zake ni chache. Afadhali uwele au mtama usiokobolewa, nao kwa kipimo. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa tunavyovipenda Wasukuma, pia vipimwe: viazi vikikaushwa hupoteza maji, wanga unabaki, ndiyo maana vipande vichache tu hufikia kiazi kizima.

"Sato na dagaa vinatosha." Samaki wa ziwa letu ni kitoweo kizuri sana, lakini hana nyuzinyuzi hata chembe.

"Choroko ni chakula cha shida." Neno hili linanisikitisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe kimoja cha choroko zilizoiva kina takribani gramu 15. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, ng'ambo ya ziwa hili, aliwaambia Wazungu wenzake miaka ya 1970 kwamba chakula chao kilichokobolewa kinawaletea maradhi ambayo huku aliyaona kwa nadra. Leo sisi ndio tunaikimbia choroko. Kama hujazoea, ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na unywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi. Mwenye shida ya figo aulize kwanza kliniki.

"Juisi ya matunda halisi haina neno." Ukishaichuja, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio na sukari imo kwenye glasi. Kula tunda lenyewe.

"Nikila hivi naacha dawa." Tafadhali usiache. Dozi hubadilishwa na daktari, kwa vipimo. Na kama unachoma insulini au unameza vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, mwambie kabla hujapunguza ugali: dozi ya zamani kwenye sahani mpya inaweza kukuletea jasho, kutetemeka, hata kupoteza fahamu. Dalili hizo zikianza, kunywa maji ya sukari mara moja, kisha pima.