Babu aliyekuja na mkanda uliochakaa

Tulipopata mgeni kutoka Japani, vijana wangu wa judo walimpokea inavyostahili: shikamoo kwa foleni, maji ya kunywa, kiti kivulini. Akaingia ndani kubadili nguo, akatoka amevaa judogi (vazi la judo) safi nyeupe na mkanda ambao mimi ningeona haya kuuanika kambani. Zamani ulikuwa mweusi. Sasa kitambaa cha juu kilikuwa kimelika, hasa pale panapokaa fundo, na pamba nyeupe ya ndani imechomoza nyuzi nyuzi kama ukili uliofumuka. Mtoto mmoja wa mkanda wa kijani akaninong'oneza: "Sensei, huyu babu hatuwezi kumchangia mkanda?"

Babu alikuwa dan ya 7, daraja la juu sana katika judo. Mkanda wa daraja lake ni ule wa vipande vyekundu na vyeupe vinavyopokezana, na alikuwa nao, umekunjwa vizuri kwenye begi, unang'aa kama umetoka dukani asubuhi ile. Siku zote alizokaa nasi hakuutoa. Aliutoa siku ya mwisho tu, alipoonyesha kata, yaani mbinu za judo zilizopangwa kwa mfululizo, mbele ya wazazi, na alipomaliza akaufungua, akaukunja, akaurudisha begini.

Tangu hapo maswali hayaishi. Wazazi wanauliza, vijana wanauliza, hata fundi wangu wa cherehani aliuliza kwa nini mtu apewe mkanda wa rangi mbili kama bendera. Basi leo nayajibu kwa pamoja.

Swali la kwanza huwa la akina mama: "Mwalimu, akishapata mweusi si ndiyo amemaliza?" Hapana, mama. Madaraja ya chini yanaitwa kyu, nayo huhesabiwa kwa kushuka, kyu ya 6 hadi ya 1. Ukivuka hapo unaingia kwenye dan, na hesabu inaanza upya kwa kupanda: 1, 2, 3, hadi 10. Dan ya kwanza inaitwa shodan, na hiyo "sho" maana yake ni mwanzo. Aliyepata mkanda mweusi amehitimu Juzuu Amma. Ni jambo la kupikiwa pilau, lakini hakuna atakayemwita sheikh kesho yake.

Mkanda mweusi wenyewe unafunika madaraja matano, dan ya 1 hadi ya 5. Ukitazama kwa macho tu huwezi kumjua wa 1 na wa 5, isipokuwa mtengenezaji awe ametia vistari kwenye ncha, jambo ambalo si kila mahali linafanyika. Baada ya hapo, dan ya 6, 7 na 8 ni nyekundu-nyeupe. Ya 9 na ya 10 ni nyekundu tupu.

Hapa lazima niwaonye kuhusu rangi nyekundu. Kuna jamaa mmoja aliwahi kuja mazoezini na mkanda mwekundu kiunoni, na watoto wangu, ambao nilikuwa nimewasomesha vizuri kidogo kupita kiasi, wakamwinamia mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kijana wa watu akachanganyikiwa. Alikuwa anacheza taekwondo, na huko nyekundu kwa kawaida ni daraja la kabla ya mweusi. Rangi haina maana yake peke yake. Maana inatoka kwenye nyumba iliyoitoa.

Nyumba ya judo ni Kodokan, Tokyo. Jigoro Kano aliianzisha mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, kwenye chumba cha mikeka 12 ya tatami. Mwaka uliofuata akawapa dan wanafunzi wake wawili, Shiro Saigo na Tsunejiro Tomita, nao ndio wa kwanza. Kabla yake shule za jujutsu, mapigano ya Kijapani yaliyozaa judo, hazikuwa na ngazi nyingi hivi. Zilitoa hati chache, na kati ya hati moja na nyingine mtu angeweza kukaa miaka bila kujua amefika wapi. Kano alikuwa mwalimu kwa taaluma, alijua mwanafunzi anavyokata tamaa asipoona hatua mbele yake. Neno dan lilikuwa tayari linatumika kwenye mchezo wa Go, ule wa kete nyeusi na nyeupe, akaliazima.

Mwanzoni dan haikuwa na mkanda wake. Mweusi ulikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1880, na ulikuwa mshipi mpana wa kimono, si huu mwembamba wa sentimeta 4 hadi 5 tunaoufunga leo. Kwa hiyo ile hadithi kwamba mkanda mweupe ulikuwa haufuliwi, ukachafuka mpaka ukawa wa kahawia kisha mweusi, naomba tuiache. Mkanda mweusi ulitiwa rangi tangu mwanzo. Na usipofua mkanda miaka kumi hupati dan, unapata upele. Njano, chungwa, kijani na buluu za watoto wetu nazo zilienea kutokea Ulaya. Anayetajwa zaidi ni Mikonosuke Kawaishi, aliyeanza kufundisha Ufaransa mwaka 1935 na kuona kwamba Wazungu wanataka kuona wanapiga hatua.

Turudi kwa fundi wangu na bendera yake. Hakukosea sana. Kwa Wajapani nyekundu na nyeupe zikikaa pamoja huitwa kohaku, na ndizo rangi za heri: utaziona kwenye mapazia ya sherehe, kwenye vitumbua vya mchele vya kugawiwa harusini, kwenye bahasha za tuzo. Pia ni rangi za kushindana. Katika vita vya Genpei, mwaka 1180 hadi 1185, ukoo wa Taira ulipeperusha bendera nyekundu na wa Minamoto nyeupe, na mpaka leo watoto wa shule Japani wakigawanywa makundi mawili siku ya michezo, moja ni jekundu na jingine ni jeupe. Sisi tungesema Simba na Yanga.

Kodokan nao wana shindano lenye jina hilohilo la kohaku, lililoanza mwaka 1884. Wachezaji hupangwa safu mbili, nyekundu na nyeupe, wa daraja la chini mbele na wa juu nyuma. Wawili wanakutana, anayeshinda habanduki, anabaki mkekani kumsubiri anayefuata, kisha mwingine, mpaka ashindwe au watoke sare. Kijana akiwaangusha kadhaa mfululizo anaweza kupandishwa dan palepale, jasho halijakauka.

Ndiyo maana napenda rangi za ule mkanda wa babu. Dan za chini unaweza kuzipata kwa kusimama kati ya safu nyekundu na safu nyeupe ukaangusha watu. Ukifika dan ya 6 rangi zote mbili zinahamia kiunoni mwako, na kwenye safu wewe hupo tena. Huko juu hupandi kwa mieleka. Wanatazama umri, miaka uliyokaa katika daraja lako, kata unavyoijua, wanafunzi uliolea, kazi uliyoifanyia judo. Bingwa wa miaka 25 aliyewaangusha wote duniani hawezi kuupata wiki ijayo, hata aje na medali ndooni. Na hutauona kwenye mashindano ya kimataifa, kwa sababu anayestahili kuuvaa kwa kawaida ameketi jukwaani na fimbo yake. Hata mazoezini halazimiki. Mwenye dan ya 7 akitaka kufunga mweusi siku zote, anaruhusiwa, na wengi hufanya hivyo.

Nimeeleza kana kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mwenye subira. Haukuwa wazi. Keiko Fukuda alizaliwa Tokyo mwaka 1913. Babu yake, Hachinosuke Fukuda, ndiye aliyemfundisha Kano jujutsu ujanani, na Kano mwenyewe, alipozeeka, akamwalika mjukuu wa mwalimu wake aje Kodokan. Binti akaja. Urefu wake ulikuwa kama mita moja na nusu tu. Akaipenda judo kiasi cha kuchagua kutoolewa, maana enzi zile mume angemtoa mkekani. Mwaka 1964, judo ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Tokyo, na ikaingia kwa wanaume peke yao, yeye na Masako Noritomi walionyesha kata iitwayo ju-no-kata mbele ya ulimwengu. Dan yake ilikuwa ya 5. Na ingebaki ya 5, kwa sababu kanuni ilikuwa kwamba mwanamke havuki hapo, yaani hauoni ule wa nyekundu-nyeupe maishani. Wanaume aliowazidi miaka na elimu walimpita, mwaka baada ya mwaka. Yeye akahamia Marekani, akafundisha San Francisco. Miaka ya 1970, baada ya watu kumpigania, Kodokan wakalegeza, yeye na Noritomi wakawa wanawake wa kwanza kupewa dan ya 6. Ya 9 aliipata Januari 2006, akiwa na miaka 92, naye ni mwanamke wa kwanza kupewa na Kodokan daraja hilo. Mwaka 2011 shirikisho la judo la Marekani likampa ya 10. Alifariki Februari 2013, akiwa amebakiza miezi miwili tu atimize miaka 100.

Binti zangu wa mazoezini wanapokasirika kwa sababu mtihani umesogezwa mwezi mmoja, huwasimulia habari hii. Sina hakika kama inawatuliza au inawaongezea hasira. Yote mawili ni sawa kwangu. Na kama mmeona picha za zamani za wanawake wenye mkanda mweusi uliopitiwa na mstari mweupe katikati, urefu wote, msidhani ni daraja la ajabu. Ni dan ileile, ila mstari ulikuwa wa kuonyesha kwamba mvaaji ni mwanamke, kana kwamba hatuoni.

Mmegundua nimesema shirikisho la Marekani ndilo lililompa ya 10, si Kodokan. Hilo hugombanisha watu sana. Kodokan wanatoa dan zao, mashirikisho ya nchi yanatoa zao, na shirikisho la kimataifa nalo linatoa zake. Anton Geesink, yule Mholanzi jitu aliyewaliza Wajapani kwao kwenye Olimpiki ile ya mwaka 1964, alipewa ya 10 na shirikisho la kimataifa mwaka 1997. Kwenye orodha ya Kodokan hayumo. Orodha hiyo ni fupi: wa kwanza ni Yoshitsugu Yamashita, aliyewahi kumfundisha Rais Theodore Roosevelt, naye alipewa mwaka 1935 akiwa ameshafariki, na mwaka 2006, walipoongezwa Toshiro Daigo, Ichiro Abe na Yoshimi Osawa kwa mpigo, walitimia 15 tangu judo ianze. Mmoja wao ni Kyuzo Mifune, kimtu chepesi cha kilo hamsini na kitu, ambaye kwenye filamu za zamani anawageuza vijana wa watu hewani kama anakung'uta mkeka. Kano mwenyewe hana dan. Angepewa na nani? Lakini aliandika kwamba ngazi hazina kikomo, na kwamba anayevuka ya 10 hakuna sababu asipewe ya 11. Hajatokea.

Babu wetu aliposikia yule mtoto wa mkanda wa kijani bado anahangaika, alimwita siku ya kuondoka. Mtoto akakaza moyo, akauliza kupitia mkalimani kwa nini ule mzuri hauvai. Babu akautoa begini, akamfunga mwenyewe kiunoni, mara mbili kuzunguka, akakaza fundo, kisha akamwambia aruke. Mtoto akaruka mara tatu. Ya tatu fundo likafunguka, mkanda ukaanguka miguuni. "Umeona?" babu akasema. "Unateleza."