“Gesi ni ndogo” na maneno mengine ninayoambiwa kila draya ikikataa kupasha

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara tatu. Mteja mwenye draya ya gesi (mashine ya kukausha nguo) anapiga simu, salamu hazijaisha, “fundi, draya inazunguka vizuri tu ila nguo zinatoka mbichi, nadhani gesi ni ndogo.” Wa pili naye, gesi ni ndogo. Wa tatu alikuwa ameshabadilisha mtungi, regyuleta na mpira wa gesi kabla hajanitafuta, yaani hela yote imeishia huko nyuma ya mashine, ndo ananiuliza mbona gesi bado ndogo. Haikuwa ndogo hata kidogo. Ilikuwa imejaa pale mlangoni inasubiri kufunguliwa, na mlango wenyewe ni valvu ambayo koili zake (nyaya zilizosukwa zinazoifungua kwa umeme) zimechoka.

Hii dhana najua inatoka wapi, inatoka jikoni. Watu wamezoea jiko, ukipunguza gesi moto unapungua, mtungi ukikaribia kuisha moto unakuwa dhaifu, kwa hiyo wakisikia draya ya gesi wanaona ni jiko lenye dramu. Sio hivyo jamani. Draya nyingi za nyumbani hazina moto mdogo na moto mkubwa. Moto unawaka wote au unazima wote, basi. Hata ukiweka joto la chini kwa nguo laini, moto unaowaka ni uleule, tofauti ni kwamba thamostati (kidhibiti joto) inauzima mapema, hewa ikipoa kidogo unawashwa tena, na mchezo unaendelea hivyo mpaka nguo zikauke. Kwa hiyo draya ikipasha “kidogo”, mara nyingi maana yake moto unawaka kwa muda mfupi kuliko inavyotakiwa, au unawaka mara chache, au uliwaka mwanzo ukakataa kurudi. Hapo swali ni nani anauzima, au nani anaukataza usiwake.

Na jibu linaonekana kwa macho, ndo kitu kinachoniudhi zaidi, maana hata kifaa huhitaji. Mashine nyingi zina kidirisha au kifuniko kidogo chini mbele, nyingine inabidi utoe paneli ya chini (chomoa umeme kwanza, ukishaitoa ndo urudishe, na usiingize mkono mashine ikizunguka, kuna mkanda na mota). Zima taa, kaa chini, anzisha mashine kwenye joto la juu alafu tulia dakika mbili tatu. Kwenye mashine ya ignaita (kile kijiti kinachopata moto kwa umeme ili kiwashe gesi) utaona hivi: mota inaanza, ignaita inaanza kuwa nyekundu, inazidi mpaka inang'aa rangi ya chungwa karibu na nyeupe. Pembeni yake kuna sensa ya moto. Sensa ikiwa baridi inaruhusu umeme upite kwenda kwenye ignaita, ikishaona joto la kutosha inakata ile njia, umeme unalazimika kupitia koili ya pili ya valvu, unasikia tiki, gesi inaingia, fuu, mwali wa bluu umelala ndani ya bomba la kichomeo. Ignaita inafifia, kazi yake imeisha, na mwali wenyewe ndo unaendelea kuipasha sensa isifunge tena.

Ukishajua huo mfuatano mashine inajisemea yenyewe. Ignaita haing'ai kabisa, basi umeme haufiki pale au ignaita imekatika. Inang'aa na kung'aa haizimi wala moto hauji, hapo sensa imeganda, haikati njia. Inang'aa, inazima, moto hakuna, baada ya muda inang'aa tena, inazima tena, moto hakuna, hiyo kwa sehemu kubwa ni koili. Na ile iliyomchosha mteja wangu wa tatu: nguo za kwanza zinakauka vizuri, au dakika kumi za mwanzo kuna joto la nguvu, alafu baridi mpaka mwisho. Mtu akiona hivyo anasema unaona, gesi imepungua katikati. Hapana! Koili ni waya mwembamba umesukwa maelfu ya mizunguko, ukichoka unafanya kazi ukiwa baridi, ukipata moto unakatika kwa ndani na valvu haifunguki tena. Ukiiacha mashine ipoe saa moja inawaka kama mpya, mpaka mtu unaanza kudhani umerogwa.

Sasa nisiwe mkaidi, gesi ndogo ipo, nimeikuta. Ila ipime kwa akili. Kichomeo cha draya ya kawaida kinakula kama kilowati 6 hivi, ni sawa na pleti mbili au tatu za jiko kwa pamoja, kwa hiyo kuwasha pleti moja ukasema gesi ipo hakuthibitishi kitu. Kama jiko na draya vinakula laini moja, washa pleti zote kwa moto mkubwa, anzisha draya, angalia jiko pale draya inapowaka. Moto wa jiko ukinywea sana, haya, tuzungumze mtungi au regyuleta. Usiponywea, iache gesi ya watu. Na kabla ya yote angalia koki ya nyuma ya mashine, mkono ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukilikata bomba imefungwa. Usicheke, nimesafiri mbali kwa ajili ya koki. Tena kama umetoka kubadilisha mtungi, hewa imeingia kwenye mpira, mashine inaweza kujaribu mara kadhaa kabla haijawaka, iache ijaribu.

Kitu kimoja usikifanye hata uwe na hasira vipi: kuongeza presha kwenye regyuleta ili “moto ushike”. Moto ukizidi hewa yake unageuka njano, unatoa masizi na monoksaidi ya kaboni, na hiyo haina harufu.

“Basi ni ignaita, niletee mpya.” Inaweza kuwa, inakufa sana, na ni kitu dhaifu mno, ukiigonga na bisibisi inavunjika kama biskuti. Ila kama umeiona ikiwa nyekundu kwa macho yako kwa nini unanunua nyingine? Ignaita inayong'aa vizuri imeshakujibu.

“Koili nimezipima na mita, ziko sawa.” Umezipima zikiwa za baridi, ndugu yangu. Soma tena pale juu. Mimi dalili zikiwa zile za kuwaka mwanzo na kukataa baadae nabadilisha zote mbili kwa pamoja, mita inisamehe.

“Fyuzi ya joto nimeiunga na waya, sasa inapasha.” Hapa huwa nanyamaza kwanza kidogo. Fyuzi ile ni ya kutumika mara moja, ikikatika imekufa, haijirudishi, na aina moja ya kawaida inayokaa kwenye kasha la feni inakata kwenye nyuzi 91 za sentigredi. Haikatiki kwa uzee tu, mara nyingi inakatika kwa sababu hewa ya moto haitoki. Ukiiruka na waya umeondoa kitu cha mwisho kilichosimama kati ya moto wa gesi na dramu iliyojaa nguo na manyoya (nyuzinyuzi zinazotoka kwenye nguo). Ukiweka mpya bila kuzibua bomba nayo itakatika, alafu utasema nimekuuzia feki.

Hapo tunaingia kwenye “bomba liko safi, filta nasafisha kila siku.” Hongera, kweli, wengi hawafanyi. Lakini filta haikamati yote, manyoya membamba yanapita, yananata kwenye kona za bomba, kwenye skrubu zilizochomoza kwa ndani (nani aliwafundisha kuunga bomba la draya na skrubu?), na kwenye kifuniko cha nje. Alafu kuna yule aliyeisukuma mashine ukutani ili ikae vizuri, bomba la bati laini nyuma likakunjika kama karatasi. Hewa isipotoka, thamostati ya usalama inazima moto kila baada ya muda mfupi, hewa ndani ni ya moto kweli lakini imejaa mvuke, na kumbuka gesi yenyewe ikiungua inatengeneza mvuke wake juu ya maji yaliyomo kwenye nguo. Mashine inachemka ila nguo mbichi. Kipimo changu hakina gharama: mashine ikiwa inakausha nenda nje, weka mkono pale bomba linapotokea. Hewa inatakiwa isukume mkono na kifuniko kiwe kimenyanyuka. Ukipata pumzi ya mgonjwa, usiniite mimi kwanza, safisha bomba lote mpaka nje.

Na filta yenyewe, kama unatumia zile karatasi za kulainisha nguo, ina utando usioonekana. Imiminie maji ya bomba. Yakipita moja kwa moja sawa, yakisimama juu ya wavu kama kwenye sahani, hewa nayo inasimama hivyohivyo. Sabuni, brashi laini, kausha, rudisha.

“Inazima mapema kwa sababu haina joto.” Saa ingine joto lipo, vile vibati viwili vya sensa ya unyevu ndani ya dramu vimepakwa utando huohuo, mashine inadhani nguo zimekauka. Vifute na spiriti. Na kabla hujailaumu draya angalia mashine ya kufulia inakamua kweli, nguo zikiingia zinadondosha maji hakuna moto utakaotosha.

“Draya ni draya, gesi yoyote inafaa.” Haifai. Tundu linaloingiza gesi kwenye kichomeo, la gesi ya mtungi ni dogo kuliko la gesi ya bomba la mtaani, ukihamisha mashine bila kubadilisha tundu na vifaa vyake unapata moto mkubwa wa njano au moto kiduchu usioshika. Hii ndo sehemu pekee ambapo nakubali kusikia “gesi ni ndogo” bila kukunja uso.

“Nimeelekeza bomba ndani, nyumba ipate joto.” Chomoa leo. Ile hewa ina moshi wa gesi iliyoungua, sio ya kupumua.

Na tafadhali, kutafuta uvujaji kwa kiberiti, hapana, maji ya sabuni yanatosha, povu likivimba kwenye kiungo umepata. Ukisikia harufu kali hata sabuni acha, funga koki kama unaifikia, usiguse swichi, tokeni nje mpige simu huko.

Jana jioni kuna mama mmoja alinipigia, nikajiandaa kwa wimbo uleule. Akaniambia, “fundi, nimekaa chini nimeangalia, inang'aa, inazima, moto hauji, inarudia, ila mwanzo iliwaka vizuri na jiko pleti zote ziko sawa, na nje hewa inasukuma.” Nilibeba koili mbili na bisibisi moja.