Usitupe ile MRI ya kabla ya oparesheni

Wagonjwa wengi wakishapiga MRI ya kiuno swali ni moja tu, dokta diski (ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo) imetoka au haijatoka? Sasa kuna swali la pili nawaomba sana muwe mnauliza kabla ya kusaini fomu ya oparesheni: kwa hii picha, uwezekano wa kutoka tena ukoje? Maana inarudi kweli, kwenye watu 100 waliofanyiwa, kama 5 mpaka 15 hivi diski hutoka tena palepale, mara nyingi L4-L5 au L5-S1, yaani zile diski mbili za huku chini kabisa ya mgongo.

Sababu ni kwamba hatuitoi diski yote, tunatoa kile kipande kinachobana mshipa wa fahamu basi. Ni kama gunia lililotoboka, umezoa mchele uliomwagika ila tundu bado lipo na mchele mwingine umo ndani. Na ukubwa wa tundu una maana sana, kuna utafiti wa Marekani wa 2003 wenye tundu pana ilirudi kwa asilimia 27, wenye mpasuko mwembamba asilimia 1 tu! Shida tundu lenyewe tunaliona vizuri tukishafungua, kabla ya hapo inabidi tusome dalili nyingine.

Na hapa ndo watu hushangaa. Wengi wanadhani diski iliyosinyaa ndo itasumbua tena, kumbe tafiti kadhaa, mojawapo ya Korea 2009, zimeona ni ile ambayo bado nene na pingili zake bado zinacheza sana, kwasababu ute wa ndani ya diski, ndo unaotoka, bado upo na kila ukiinama unasukumwa. Iliyosinyaa sana pingili zake hukakamaa. Huko kucheza MRI ya kawaida haikuonyeshi, si unapigwa umelala, ndo maana tunakuandikia na eksirei ya kusimama, moja umeinama mbele moja umejivuta nyuma, tafadhali usidhani unaongezewa gharama bure.

Picha ikionyesha hatari haina maana usifanyiwe, wengi wao hairudi. Ila sigara, kisukari na uzito picha haivioni na vyote vinachangia, kwahiyo tuambie ukweli.

Na ile CD yenye picha za MRI yako itunze. Maumivu yakirudi hata baada ya miaka 3 tutapiga MRI nyingine, safari hii na dawa ya kuchomwa kwenye mshipa wa damu ili kutofautisha kovu na diski mpya, na tutaiweka pembeni ya ile ya zamani tulinganishe. Anayekuja bila ya zamani anatupa kazi ya kubahatisha.