Mbu wa Lamu hangoji mvua

Wengi wetu pwani hii tumemjua mbu kwa njia moja tu: mvua ikinyesha madimbwi hujaa, mbu huzaana, usiku wakauma, malaria ikafuata, basi lala ndani ya chandarua. Kwa mbu wa malaria, Anopheles, hayo ni kweli, na simwambii mtu aache chandarua chake. Lakini mlipuko wa ugonjwa uliofanya wataalamu wa mbu duniani walijue jina la Lamu ulikuja wakati wa ukame, na mbu aliyeueneza huuma mchana.

Nazungumzia chikungunya, ugonjwa wa virusi, ya mwaka 2004. Kuanzia mwezi wa Mei watu wakawa wanaanguka kwa homa kali na maumivu ya viungo, mtu hawezi kukunja ngumi wala kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Wachunguzi walipopima damu baadaye mwaka huohuo, walikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa mji walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Mwaka 2005 ulikuwa Komoro, kisha Réunion, na mwaka 2006 India, ambako waliodhaniwa kuupata walipita milioni moja.

Kwa nini ukame? Jibu limo katika maji ya nyumbani. Visima vingi vya mjini Lamu vina chumvi, na maji matamu hutegemewa kutoka kwenye michanga ya Shella. Mvua zikikosekana na mfereji ukawa wa kubahatisha, kila nyumba hujaza pipa, madumu, ndoo na tangi. Maji hayo huchotwa juu kwa kata, hujazwa tena kabla hayajakwisha, na chombo hukaa miezi bila kukauka. Kwa Aedes aegypti, mbu huyo wa mchana aliyeeneza chikungunya, hapo ndipo pazuri pa kulea. Hataki mtaro wa maji machafu. Huyo wa mtaro na choo cha shimo ni Culex, anayetupigia kelele usiku na ambaye ni miongoni mwa mbu wanaoeneza matende na mabusha huku pwani. Aedes yeye anataka maji masafi, yaliyotulia, yenye kivuli, karibu na watu.

Kazi yangu ni wadudu waenezao magonjwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuinamia mapipa ya watu na tochi. Akina mama huniuliza, "Mwanangu, haya ni maji ya kunywa, mbu atatoka wapi?" Huwaomba tuangalie pamoja. Ukimulika tochi ya simu, viluwiluwi wanaonekana wananing'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, maana huko mkiani ndiko wanakovutia pumzi. Kivuli cha mkono kikipita, wote hushuka chini wakijinyonganyonga. Kisha tazama ukuta wa ndani wa pipa, juu kidogo ya maji: vidoa vidogo vyeusi kama unga wa baruti. Ndiyo mayai. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi, na siku maji yakipanda yakayagusa, huanguliwa. Katika joto letu, baada ya wiki moja hivi mbu anaruka.

Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Pipa lisuguliwe ndani kwa brashi ngumu au kumbi la nazi, kila wiki, hasa pale kwenye mstari wa maji, ndipo lijazwe. Mdomo wa pipa ufunikwe pasibaki mwanya. Chandarua kilichochakaa kisifae tena kitandani, ukikata sehemu isiyotoboka na kuifunga kwa mpira, kinafaa kabisa.

Wazee wetu waliliona jambo hili zamani. Katika nyumba za kale za Lamu birika la chooni, yaani tangi la maji la kujengwa, lilitiwa visamaki wa kula viluwiluwi, na kwenye sakafu yake ndani likajengewa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Mimi katika mbinu zote za kupambana na mbu sijaona inayonipendeza kuliko hii: haina dawa, haina gharama, na inafanya kazi usiku na mchana. Inaniuma kuona birika linabomolewa na mahali pake kuwekwa tangi la plastiki lisilo na kifuniko. Anayependa anaweza kuwatia visamaki hata kwenye pipa, mradi asilikaushe. Lakini samaki hulinda chombo walichomo tu, na Aedes haruki mbali. Akikuuma sebuleni, aliyezaliwa kwako au kwa jirani ndiye huyo.

Malindi nao wana historia yao. Homa ya dengue ilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1982, huko Malindi na Kilifi, na mwenezaji ni mbu huyuhuyu. Tangu wakati huo imerudi pwani mara kadhaa.

Kinachonitia hofu zaidi ni tulivyozoea kuita kila homa malaria. Mtu anapimwa, haonekani na vimelea, bado anameza dawa za malaria kwa kuwa mwili unamuuma. Ukipimwa ukaambiwa huna malaria, na kichwa kinagonga, nyuma ya macho panauma na viungo vimekaza, mwulize daktari kuhusu dengue na chikungunya. Tuliza homa kwa paracetamol na unywe maji mengi. Usinywe aspirini, diclofenac wala ibuprofen kabla dengue haijaondolewa shaka, kwa sababu zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Na homa ikishuka usidhani umepona moja kwa moja: kwa dengue siku mbili zinazofuata ndizo za kuangalia. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, au mgonjwa akilegea, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na inabidi kutafuta boti.