Je, wajua kwa nini kiyoyozi huvuma bila kupoza?

Umewasha kiyoyozi. Feni ya ndani inazunguka na hewa inatoka, ila haina ubaridi hata chembe. Ukienda kuisikiliza mashine ya nje, inavuma kwa sauti nzito sekunde chache, halafu tak!, kimya. Baada ya muda mvumo unarudi, tak tena, kimya tena. Hapo wengi huambiwa kompresa imekufa, yaani ile pampu yenye mota inayoisukuma gesi ya kupozea, na kompresa ndiyo kifaa ghali kuliko vyote mle ndani. Lakini mara nyingi ni nzima kabisa. Inataka kuzunguka, imekosa wa kuisukuma mara ya kwanza.

Umeme unaoingia majumbani kwa kawaida ni wa fezi moja, nao huenda na kurudi mara 50 au 60 kila sekunde. Ukipita kwenye koili kuu ya mota ya kompresa, unazaa usumaku unaokwenda mbele na nyuma katika mstari uleule. Usumaku wa namna hiyo hauna upande: unaivuta rota, sehemu ya mota inayozunguka, kulia kwa nguvu ileile unayoivuta kushoto, basi rota inatetemeka palepale. Ni kama kukanyaga pedeli ya baiskeli iliyosimama wima juu kabisa. Utakanyaga kwa uzito wako wote na gurudumu halitasogea. Mtetemo huo ndio mvumo unaousikia.

Ndiyo maana mota ina koili ya pili, na umeme wake hupitishwa kwanza kwenye kapasita, kifaa kinachotunza chaji ya umeme na kuiachia. Kapasita huufanya mkondo wa koili hiyo uutangulie ule wa koili kuu kwa karibu robo ya mzunguko. Sasa misukumo ni miwili na haifiki kwa wakati mmoja, hivyo usumaku unaanza kuzunguka na rota inaufuata. Kapasita ikichoka, koili ya pili haipati mkondo wa kutosha, na mota inarudi kwenye kutetemeka.

Na ile tak? Mota iliyokwama huvuta mkondo mara tano au sita ya ule wa kawaida. Joto linapanda upesi, na kinga ya joto inakata umeme kabla koili hazijaungua. Ikipoa, inarudisha, na mateso yanaanza upya. Hapa naomba tusikilizane vizuri: kila mzunguko wa namna hiyo unachoma kidogo varnishi inayozikinga nyaya za koili. Anayeacha kiyoyozi kikivuma mchana kutwa akitumaini kitakubali, anaiua kweli kompresa iliyokuwa nzima. Kizime, tena kwenye sakiti breka yake, na si kwa rimoti tu.

Kapasita yenyewe ni mkebe wa chuma, wa duara au umbo la yai. Katika mashine nyingi huwa na terminali za aina tatu: C ya pamoja, HERM ya kompresa na FAN ya feni. Ubavuni unaweza kukuta 35+5 µF, 5%, 440 V. Maana yake, upande wa kompresa ni maikrofaradi (µF, kipimo cha uwezo wa kapasita) 35 na wa feni ni 5, nao huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 5% tu; basi ule wa kompresa ukipimwa ukakutwa chini ya 33 umeshachoka. Ukiona kifuniko kimevimba kama kopo la chakula kilichoharibika, huhitaji hata kupima. Ila usidanganywe na sura, kwa sababu kapasita nyingi hufa zikiwa bapa na zinang'aa. Pia upande wa 35 unaweza kufa na wa 5 ukabaki mzima, ndipo feni ya nje inazunguka vizuri huku kompresa imekwama.

Kazi ya kuugusa na kuubadilisha mkebe huo mwachie fundi. Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa, na chaji hiyo inaumiza. Fundi makini huimaliza kwa rezista, kifaa kinachozuia mkondo usipite kwa kishindo, hagusanishi terminali kwa bisibisi.

Zipo sababu nyingine za mvumo huo: umeme mdogo, kontakta (swichi inayoipelekea kompresa umeme) yenye ncha zilizoungua, au kuzima na kuwasha haraka kabla presha ya gesi haijasawazika, jambo linalohitaji kama dakika tatu. Na kweli kuna kompresa iliyokufa. Lakini hiyo hupimwa, haikisiwi. Kompresa ina pini tatu: C ya pamoja, R ya koili kuu na S ya koili ya pili. Ohmu za C na R ukizijumlisha na za C na S, zinapaswa kulingana na za R na S: 1.2 na 3.4 zizae 4.6. Kisha hakuna pini inayopaswa kuwa na njia ya umeme kwenda kwenye mwili wa chuma. Ikiwepo, sakiti breka huanguka papo hapo na wala mvumo husikii. Viyoyozi vya inveta havimo katika habari hii, kwani kompresa zake huendeshwa na bodi ya kielektroniki.

Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zilezile za ile ya zamani. Volti zinaweza kuzidi lakini zisipungue: ya 440 inakaa mahali pa ya 370, ila ya 370 ikiwekwa mahali pa ya 440 haitadumu.