Camembert: kijiji kilichopotewa na jina lake

Ninapozungumza na wageni hapa makumbusho kuhusu urithi wa vijijini, huanza kwa kupitisha mkono kwa mkono kisanduku cha duara cha mbao nyembamba, upana wake kama sentimita 11. Watu hukinusa kwanza, kisha husoma maandishi. Nikiuliza Camembert ni nini, hujibu kwa sauti moja: jibini. Nikisema ni kijiji, kina kanisa, meya na malisho, wapo wanaodhani nawatania.

Kijiji hicho kipo kweli. Kiko Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, katika eneo la utawala la Orne, kwenye ukanda wa vilima unaoitwa Pays d'Auge. Wakazi wake ni takriban 200. Tanzania idadi hiyo ingekuwa kitongoji kidogo tu, lakini Ufaransa ilipofanya mapinduzi, sheria ya Desemba 1789 iligeuza karibu kila parokia ya zamani kuwa komuni yenye baraza na meya wake. Hadi leo komuni hizo ni karibu 35,000, na nyingi ni ndogo kama hii. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa “shamba la Maimbert”, jina la mtu la asili ya Kijerumani. Yaani hata kabla ya jibini, jina lilikuwa la ardhi.

Na ni ardhi hiyo ninayotaka tuitazame, maana ndiyo inayoeleza mengine yote.

Juu ya Pays d'Auge kuna uwanda wa chokaa uliofunikwa na udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume. Mito midogo imeuchimba uwanda huo kwa muda mrefu ikatokeza mabonde yenye miteremko mizito, yenye chemchemi, isiyokauka. Mkubwa kati ya mito ya jirani unaitwa Vie, na mji wa Vimoutiers, ulio kilomita chache kaskazini mwa kijiji, umepata jina lake kutokana nao: ni “monasteri ya mto Vie”. Mvua hunyesha mwaka mzima kwa kiasi, baridi si kali sana kwa kuwa bahari haiko mbali. Mkulima mwenye jembe la kukokotwa akiingia kwenye mteremko kama huo wakati wa majira ya baridi, jembe linanasa. Lakini nyasi hapo haziombi ruhusa.

Zamani watu wa huko walilima nafaka kama wenzao wengine, kwa kuwa kila eneo lililazimika kujilisha. Tangu karne ya 17, na hasa karne ya 18 na 19, masoko ya nyama, siagi na jibini yalipokua, waliona faida ya kuliacha jembe. Wenyeji wana msemo wa Kifaransa kwa badiliko hilo, wanaomaanisha kwamba ardhi “ililazwa kwenye nyasi”. Naupenda sana msemo huo. Unaonyesha kwamba mandhari ambayo mtalii huipiga picha akidhani ni ya asili tangu kuumbwa kwa dunia ni uamuzi wa kiuchumi wa wakulima, tena si wa kale sana.

Malisho hayo yamegawanywa kwa ua wa miti hai uliopandwa juu ya matuta ya udongo. Anayejua ua wa michongoma ataelewa mara moja: unazuia ng'ombe, unavunja upepo, unatoa kuni. Ndani ya ua kuna mitufaa mirefu, na ng'ombe hulisha chini yake. Tufaha haziliwi sana, hukamuliwa zikachachushwa kuwa kinywaji, na kinywaji hicho kikikenekwa kwa moto hutoa pombe kali iitwayo calvados. Nyumba za zamani zina kiunzi cha mbao kilichokandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Mtu wa pwani aliyekulia nyumba ya fito na udongo hatashangazwa nazo, isipokuwa na paa lake lililoinuka mno. Usitarajie nyumba zilizobanana kuzunguka uwanja. Katikati ya kijiji kuna kanisa, ofisi ya meya, jumba dogo la maonyesho na nyumba chache. Waliobaki wametawanyika bondeni, kila mmoja na malisho yake, kwa sababu anayekamua mara mbili kwa siku hakai mbali na ng'ombe.

Sasa tuje kwenye hekaya, maana mgeni hawezi kuondoka bila kusimuliwa.

Inasemekana kwamba wakati wa mapinduzi kasisi mmoja kutoka Brie, eneo lililo mashariki mwa Paris, aliyekataa kula kiapo kwa serikali mpya, alijificha mwaka 1791 katika jumba la kilimo la Beaumoncel, hapo Camembert. Huko akamfundisha Marie Harel jinsi wanavyotengeneza jibini lao la Brie, naye akalitia ndani ya kalibu ndogo za kwao. Marie Harel si wa kubuni: alizaliwa Crouttes, kijiji cha jirani, mwaka 1761, na wanawe na wajukuu wake ndio waliolieneza jibini hilo kibiashara. Tatizo ni kwamba mwaka 1708, miaka 53 kabla hajazaliwa, kamusi ya jiografia ya Thomas Corneille ilikwishataja soko la Vimoutiers na jibini zuri la Camembert linalopelekwa hapo. Basi huyu mama hakuvumbua kitu kisichokuwepo. Alikuwa fundi hodari ndani ya ufundi wa wengi, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Hekaya ilipata nguvu kwa njia ya ajabu. Mwaka 1926 daktari wa Kimarekani, Joseph Knirim, alifika Vimoutiers kumshukuru Marie Harel, akiamini kwamba jibini hilo limewaponya wagonjwa wake wa tumbo. Miaka miwili baadaye sanamu ya Marie ilizinduliwa mjini. Juni 1944, wakati wa vita vya kuikomboa Normandie, ndege za washirika (Marekani na wenzake waliopigana na Ujerumani) ziliupiga mji mabomu na sanamu ikakatika kichwa. Katika miaka ya 1950 ikaletwa nyingine, zawadi ya wafanyakazi wa kiwanda cha jibini cha Ohio, Marekani. Nchi ya waliodondosha mabomu ndiyo iliyolipia sanamu, na waliolipia walikuwa wakitengeneza “Camembert” yao wenyewe ng'ambo ya Atlantiki. Wenyeji walipokea kwa shukrani. Sijui kama mimi ningeweza.

Hapo ndipo tunafika kwenye jina. Jibini laini haliwezi safari ndefu ya mkokoteni. Reli kutoka Paris ilipofika Lisieux, mji wa Normandie, mwaka 1855, soko la mji mkuu likawa jirani. Kisha, mwaka 1890, mhandisi aitwaye Ridel alibuni kile kisanduku cha mbao, na jibini likaanza kuvuka bahari. Vita Kuu ya Kwanza ikalipeleka hadi kwenye mahandaki: jeshi lililigawa kama posho, na askari wa kila pembe ya Ufaransa wakarudi makwao wakilijua. Hata rangi yake ilibadilika. Hapo awali ganda lake lilikuwa la buluu-kijivu lenye madoa mekundu. Weupe tunaouona leo ulitokana na ukungu uliochaguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, wauzaji walipoona kwamba wanunuzi wa mjini wanapenda kitu cheupe.

Watengenezaji wa Normandie waliunda chama chao mwaka 1909 wakitaka jina lilindwe. Walikuwa wamechelewa. Viwanda vya mikoa mingine vilikuwa vikilitumia bila kificho, na mwaka 1926, mwaka uleule wa ziara ya daktari, mahakama ya rufaa ya Orléans ilitamka kwamba “camembert” limekuwa jina la aina ya jibini, si la mahali. Kijiji kikapotewa na jina lake kisheria. Anayetengeneza Ujerumani au Marekani hana deni lolote kwa watu hao 200.

Kilichookolewa ni jina refu zaidi, “Camembert de Normandie”, lililopewa mwaka 1983 ulinzi wa kisheria unaolifunga jina na mahali jibini linakotoka. Masharti yake, kwa maoni yangu, ndiyo jumba halisi la kumbukumbu la bonde lile. Maziwa ni lazima yawe mabichi, yasiyochemshwa. Angalau nusu ya ng'ombe wawe wa aina ya Normande, wale wenye mabaka ya kahawia na weupe, wengi wakiwa na duara la rangi machoni kama wamevaa miwani, nao wapelekwe malishoni si chini ya miezi sita kwa mwaka. Maziwa yakishaganda, fundi huyateka kwa upawa na kuyamimina ndani ya kalibu, tabaka moja, kisha husubiri angalau dakika 40 yajichuje maji, ndipo aongeze tabaka jingine. Hivyo mara nne au tano. Hakuna kugandamiza kwa mkono wala mashine. Uzito wenyewe ndio unaobana. Jibini moja la gramu 250 linahitaji zaidi ya lita mbili za maziwa, na huiva vichanjani kwa wiki tatu au zaidi.

Wenye viwanda vikubwa hawakufurahia. Kwa miaka mingi waliandika kwenye visanduku vyao “limetengenezwa Normandie” juu ya jibini la maziwa yaliyochemshwa, na mnunuzi mwenye haraka hakuona tofauti. Mwaka 2018 palipendekezwa muafaka wa kuziunganisha pande mbili chini ya ulinzi mmoja, lakini mwaka 2020 watengenezaji walipiga kura kuukataa. Ugomvi haujapoa, na gharama yake si ndogo: vyakula vya maziwa mabichi vinadai usafi na ukaguzi wa hali ya juu, jambo ambalo mkulima mdogo hulilipia kwa jasho. Katika Camembert yenyewe, kwa miaka mingi shamba moja tu ndilo lililoendelea kutengeneza jibini hilo kwa maziwa ya ng'ombe wake lenyewe.

Kwa hiyo mgeni akinirudishia kisanduku, humwonyesha maneno ya kutafuta: “au lait cru”, maziwa mabichi, na “moulé à la louche”, lililotiwa kalibuni kwa upawa. Changu hakina hata moja kati ya hayo. Nilikinunua hivyo makusudi, nacho kimeandikwa Camembert kwa herufi kubwa kuliko zote.