Je, wajua kwa nini kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) husema faili halipo ilhali maktaba umeisakinisha?

Umesakinisha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kwenye Ubuntu na programu zinazoitegemea zinafanya kazi vizuri. Ukianza kujenga mradi wako wa C, unapata hili:

`fatal error: openssl/ssl.h: No such file or directory`

Anza na pakeji. Debian na Ubuntu huigawa maktaba vipande viwili: faili la .so, ambalo programu hulihitaji inapoendeshwa, huja kivyake. Heda (faili za .h, kama ssl.h), zinazohitajika wakati wa kujenga tu, zimo kwenye pakeji ambayo jina lake huishia na -dev. Hapa ni `sudo apt install libssl-dev`. Kesi nyingi huishia hapo.

Kama tatizo lingalipo, usikisie. Iulize kompaila inatafuta wapi:

`gcc -E -v -x c /dev/null`

Soma orodha inayoanza na `#include <...> search starts here:`. GCC, yaani kompaila yenyewe, haipekui diski nzima. Hupita folda hizo moja baada ya nyingine, na jina la kwanza linalolingana ndilo inalochukua. Heda iliyoandikwa ndani ya alama za nukuu hutafutwa kwanza kwenye folda ya faili lililoiita. Iliyo ndani ya `< >` huruka hatua hiyo. Baada ya hapo ni folda ulizozitaja kwa `-I` kwenye amri, za CPATH (kigezo cha mazingira), za `-isystem`, na mwisho za mfumo.

Ndiyo maana heda kukosekana ni afadhali kuliko kupatikana isiyo sahihi. Nakala ya zamani iliyosahaulika /usr/local/include huitangulia ile ya /usr/include, na kompaila huisoma bila kulalamika. Wewe utaona tu kwamba fankisheni fulani haijulikani. Ongeza `-H` kwenye amri ya gcc: itachapisha njia ya kila heda inayofunguliwa.

CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa miradi, ina mtego wake. Ilichokipata hukiandika kwenye CMakeCache.txt na haikitafuti tena, hata ukisakinisha toleo jipya mahali pengine. Kuanzia toleo la 3.24, `cmake --fresh -S . -B build` hufuta kumbukumbu hiyo; `--debug-find`, iliyokuja na 3.17, huonyesha kila folda iliyochunguzwa. Kwenye Mac za Apple Silicon, Homebrew (kisakinishi cha pakeji) huweka OpenSSL chini ya /opt/homebrew/opt/openssl@3, ambako kompaila haiangalii yenyewe. Ipe CMake folda hiyo kupitia `-DCMAKE_PREFIX_PATH`.

Jihadhari pia na `-isystem /usr/include` kwenye mradi wa C++. Huipandisha folda hiyo juu ya heda za C++. cstdlib, mojawapo ya heda hizo za C++, huomba stdlib.h kutoka folda *zinazofuata* yake kwenye orodha, na /usr/include imeshapitwa, kwa hiyo unaambiwa stdlib.h haipo ingawa ipo palepale. Kama unajenga kwa Makefile za CMake, endesha `make VERBOSE=1` uone alama hiyo inaingilia wapi, kisha iondoe.